Jiwe Lililochelewa Kunywa

Haya niliambiwa na binti yangu Kanana, Novemba iliyopita, alipokuja Githongo kunisaidia kuchuma kahawa. Kanana ameolewa Kiritiri, kwa Mwaniki, na siku hizi haji mara nyingi kwa sababu mbuzi hawajui likizo. Tulikuwa tumekaa chini tunachagua kahawa, mbivu huku, mbichi kule, akaanza habari za Wawira, mtoto wake wa kwanza. Akaongea mpaka lundo likaisha. Alikuwa anacheka, halafu anapangusa macho, halafu anacheka tena.

Wawira anasoma kemia chuo kikuu, huko upande wa Embu. Si ile digrii ya kwanza. Hiyo alimaliza, tukaenda tukapigwa picha naye na kofia yake. Hii ni ya pili. Kanana alikuwa anawaambia watu wa kanisa kwamba mtoto anasoma mambo ya dawa, na Wawira hakuwahi kumsahihisha. Kila akianza kueleza aliona maneno ni mengi, akanyamaza, akaosha vyombo.

Basi mwezi wa tisa chuo kilifungwa kidogo, mafundi wakapata nafasi ya kutoa mabati ya maabara na kuweka mengine. Mwalimu wa Wawira, Dokta Riungu, hakutaka vitu vyake vibaki na mafundi. Vingine alipeleka kwake nyumbani, na kimoja akampa Wawira aende nacho. Kilikuwa chupa ndogo ya kioo imejaa mafuta mazito yasiyo na rangi, na ndani ya mafuta kipande cha kitu cheusicheusi kama jiwe, ukubwa wa kidole gumba.

Wawira alifika nacho Kiritiri jioni, akakiweka kwa rafu nyuma ya redio. Akamwambia mama yake hiyo chupa ni ya Dokta na ni lazima amrudishie wiki ijayo. Hakusema zaidi. Asubuhi akaenda Kiambere kumwona shangazi yake aliyekuwa amejifungua, akalala huko.

Kanana akabaki na ile chupa. Akapangusa vumbi la redio, akaiona. Akaipeleka kwa mlango aitazame vizuri kwa mwangaza. Mafuta, na ndani yake kitu kama mfupa wa mbuzi uliosahauliwa kwa moto. Akajiuliza, mtoto wangu anamrudishia mwalimu wake chupa ikiwa hivi?

Huko Kiritiri, na hata hapa kwetu, mtu akikuletea maziwa kwa kibuyu, kile kibuyu unakirudisha kimeoshwa na ndani umetia kitu, hata kama ni kunde kidogo. Ukikirudisha kitupu watu watanyamaza, lakini watajua. Ukikirudisha kichafu watasema. Na huyu mwalimu alikuwa amemlea Wawira chuoni kama wake. Wakati Wawira aliugua taifodi ni mke wa mwalimu aliyempelekea uji. Kanana alikuwa ametafuta njia ya kumshukuru muda mrefu, na sasa chombo chake kilikuwa nyumbani kwake.

Akamwaga yale mafuta kwa siafu waliokuwa wanapanda nguzo ya jikoni. Akaosha chupa kwa maji ya moto na jivu, akaianika juani. Kile kipande hakukitupa, maana kitu cha mtu hakitupwi. Alikiosha pia. Alikisugua na jivu na waya wa sufuria mpaka ule weusi ukatoka, kikang'aa cheupe kama kijiko kipya. Akafurahi sana. Kwa maji ya moto kilitoa mapovu madogo madogo, akafikiria ni sabuni iliyobaki kwa beseni. Akakifunga kwa kitambaa safi, kitambaa kikiwa bado na unyevu kidogo. Chupa akaijaza asali ya mizinga ya Mwaniki, ile nzito inayotoka migunga ikichanua. Kitambaa akakifunga shingoni mwa chupa kwa fundo zuri, akavirudisha vyote kwa rafu.

Wawira aliporudi kutoka Kiambere aliona asali.

Kanana anasema hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama pale akiwa bado na mkoba begani, akauliza mafuta yako wapi. Kanana akamwambia aliwamwagia siafu. Wawira akafungua kile kitambaa mezani. Kilichokuwa kinang'aa kilikuwa kimepata vumbi jeupe kama unga wa mahindi, na alipokigusa ule unga ulibaki kidoleni.

Akaenda chumbani, akarudi na kopo la mafuta ya kujipaka, yale ya mgando. Akakisukuma kipande ndani mpaka kikazama, akafunika. Halafu akakaa kwa kiti cha baba yake.

Kanana akauliza ni nini ameharibu. Wawira akasema, "Si kitu, Mum." Akasema tena si kitu. Lakini alikuwa ameshika lile kopo kwa mikono miwili jinsi mtu hushika kifaranga kilichoshikwa na baridi, na Kanana akaona.

Mwishowe ilitoka. Kile kipande kilikuwa ndicho masomo yake yote. Rafiki wa Dokta Riungu alikuwa amekileta kutoka ng'ambo, na hakukuwa na kingine. Kupata kingine ni kungoja labda mwaka mzima, na muda wa Wawira chuoni ulikuwa unaisha Desemba. Hakipendi hewa wala maji. Ndiyo sababu kilikuwa ndani ya mafuta. Kikiwa kimeoza mpaka ndani, hana cha kuandika, na asipoandika atarudi nyumbani bila cheti.

Kanana hakula usiku huo. Asubuhi Wawira alimkuta amevaa nguo ya kanisa, ameshika chupa ya asali. Akasema anaenda naye. Kosa ni lake na atalisema kwa mdomo wake. Wawira alimwambia si lazima, na Mwaniki akamwambia mbuzi watabaki na nani, na Kanana akamwambia Mwaniki watabaki na mwenye mbuzi.

Dokta Riungu walimkuta chuoni, mabati mapya yakiwa tayari. Ni mtu mzima, amebakisha kidogo astaafu. Yeye ni mtu wa Imenti kama sisi. Kanana aliposikia matamshi yake alimwamkia kwa Kimeru, akamweleza yote akiwa amesimama, tangu siafu mpaka kitambaa. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Dokta alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua chupa, akachovya ncha ya kijiko, akaonja, akafunga macho.

Akasema mwanamke wa Githongo angemletea kahawa, na yeye kahawa anayo. Huyu Wambeere wa Kiritiri wamemharibu, wamemfundisha ukarimu. Wawira akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Kiambere. Kisha Dokta akaweka chupa kando, akafungua kopo la mgando, na uso wake ukabadilika.

"Mama Wawira, sitakudanganya," akasema. "Ngozi yake imekwisha. Ndani hatujui. Tutaangalia."

Kuna sanduku la kioo pale maabara, lina glavu ndefu za mpira zilizoshikana nalo, unaingiza mikono ukiwa nje. Ndani hamna hewa hii yetu. Wameijaza gesi nyingine ambayo haigusi kitu. Wawira alipangusa ule mgando kwanza, akakiosha kipande na kitu kinachonuka kama petroli, akakiingiza sandukuni, akaanza kukwaruza na kisu kidogo. Kanana alikuwa nyuma yake. Unga mweupe ulidondoka, halafu kitu cha kijivu, halafu Wawira akaacha kukwaruza. Kipande kilichobaki kilikuwa ukubwa wa haragwe, lakini kilikuwa kinang'aa.

Sasa kung'aa si kupona. Wawira alimweleza mama yake hivyo. Kazi ya hicho kipande ni kunywa gesi inayoitwa haidrojeni. Kikikubali kunywa, kazi inaendelea hata kikiwa kidogo. Kikikataa, basi kimeshika uchafu mwingi ndani na hakifai. Na hii gesi pia ilikuwa imebaki kidogo kwa mtungi, ya kujaribu mara moja.

Walikitia ndani ya bomba la chuma nene, wakalifunga, wakaweka pampu ifyonze hewa yote iliyomo huku bomba linapashwa moto, ili kile kipande kitoe unyevu na hewa kilivyovimeza. Hiyo ilichukua siku na zaidi. Stima ilipotea katikati, ikabidi waanze tena. Wawira hakutoka pale. Kanana alikuwa anamletea chai na ndizi za kuchemsha kutoka kibanda cha nje, na Wawira anakula akiwa amesimama, jicho kwa geji, kile kipimo cha msukumo wa hewa. Kanana mwenyewe alilala kwa chumba cha Wawira, akirudi kila asubuhi akimkuta na macho mekundu.

Siku ya kunywa ilikuwa Alhamisi. Bomba lilikuwa limeachwa lipoe. Dokta alimpa Kanana miwani ya plastiki na koti jeupe lililomfika magotini, akamwambia azime simu, maana hiyo gesi ikikutana na cheche haitanii. Akamweka kwa stuli karibu na ukuta. Wawira akafungua mtungi taratibu. Mshale wa geji ukapanda, ukasimama kwenye alama nyekundu. Akafunga.

Sasa, ukitaka kujua kama chuma kinakunywa, unaangalia mshale. Gesi ikiingia ndani ya chuma inapungua nje, na mshale unashuka. Basi wakakaa kuutazama. Mshale ulisimama kama umepigwa msumari.

Wakangoja. Dokta akasema mara nyingi mara ya kwanza huchelewa, kwa sababu kuna kangozi kembamba ambako jicho halioni, na gesi lazima ipate mahali pa kupenya. Wakangoja tena. Chai ya saa nne ikapita. Dokta akatoka kwenda mkutanoni, akarudi, akatazama, akavua miwani akaipangusa, akairudisha, akatazama tena. Akaenda kwa meza yake akawapa mgongo.

Kanana anasema hapo ndipo alianza kulia bila sauti, ndani ya ile miwani ya plastiki, na machozi hayakuwa na pa kutokea.

Wawira akamwona. Akavuta stuli nyingine, akakaa, goti lake likagusa la mama yake.

"Mum, si wewe," akasema. "Ni mimi. Nimesoma miaka yote hii na sijawahi kukuambia ninasoma nini. Nilifikiria hutaelewa. Ungejua, ungeilinda hiyo chupa kuliko mimi."

Kanana alivua miwani, akapangusa macho na pindo la koti.

"Basi niambie saa hii," akasema. "Si tunangoja?"

Na Wawira akamwambia. Kanana alinieleza mimi jinsi alivyoelezwa, na mimi nimeelewa, kwa hivyo najua alieleza vizuri.

Kile kipande jina lake ni lanthanamu. Kiko kwa jamii ya metali ambazo watu huziita adimu, ingawa kusema kweli ziko kwa udongo mahali pengi. Ni kuzitenganisha ndiko kazi, maana zimefanana kama watoto wa tumbo moja. Wawira akamwambia mama yake afikirie maharagwe makavu yaliyolowekwa. Maji hayakai nje ya haragwe. Yanaingia, na haragwe linafura, na ngozi inapasuka. Chuma hiki pia ni hivyo, ila chenyewe kinakunywa gesi. Gesi inaingia katikati ya chembe zake, inajibanza humo, chuma kinafura mpaka kinapasuka chenyewe kwa chenyewe na kuwa unga mweusi. Kikishakunywa kinaitwa haidraidi.

Kanana akauliza ni ya nini, chuma kunywa. Wawira akasema haidrojeni ukiichoma inatoa nguvu, na moshi wake ni mvuke wa maji tu. Shida ni kuiweka. Kwa mtungi inataka chuma kizito na msukumo mkali. Ndani ya metali kama hii inatulia, tena inaingia nyingi kuliko unavyodhani. Lanthanamu peke yake ni mchoyo, ikishashika gesi haiachilii mpaka moto mkali sana. Kwa hivyo watu huichanganya na nikeli, ndiyo ikubali kuitoa kwa upole. Lakini yeye Wawira anasoma ule mwanzo, vile inaanza kunywa, na kwa nini wakati mwingine inakataa.

Akamuuliza mama yake kama alipoiosha na maji ya moto aliona mapovu.

"Niliona. Nilidhani ni sabuni."

"Hayo ndiyo haidrojeni," Wawira akasema. "Ilikuwa inatoka kwa maji. Uliiona kwa macho yako kwa beseni letu. Mimi sijawahi kuiona, mimi huona mshale tu."

Kanana akafikiria hayo. Akauliza kama siafu waliomwagiwa yale mafuta wangedhurika, na Wawira akasema hapana, yale ni mafuta tu. Akauliza kama haragwe la mbegu ya zamani, lile gumu, linalokaa kwa maji siku nzima bila kufura, lina maana limekufa. Wawira akasema hajui, labda ngozi yake ni ngumu. Kanana akasema yeye huyaacha tu, hayaharakishi. Mengine hufura ukiwa umeshakata tamaa, na mengine hayafuri, unapea kuku. Hakulisema kumfundisha mtu. Alikuwa anaongea tu, mtoto amekaa karibu naye, na siku nyingi walikuwa hawajakaa hivyo.

Wakaendelea. Kutoka maharagwe wakafika kwa shangazi wa Kiambere na mtoto wake mchanga aliyefanana na Mwaniki mdomo, wakacheka. Wawira akaweka kichwa begani kwa mama yake. Kanana ndiye aliyekuwa anatazama geji.

Anasema alifikiria ni macho yake, kwa vile amelia. Mshale ulikuwa umeacha ile alama nyekundu. Akangoja. Akafinya macho, akatazama tena, na mshale ulikuwa chini zaidi.

"Wawira," akasema polepole, kama mtu aliyeona paa kichakani na hataki akimbie. "Hebu angalia kitu chako."

Wawira akainua kichwa. Alienda akainama mbele ya geji, halafu akatazama kipimo cha joto, nacho kilikuwa kinapanda. Akamwita Dokta. Dokta akaja na kalamu bado mkononi. Wote watatu wakasimama hapo, na mshale ulikuwa unashuka sasa bila kujificha.

Wawira akashika mkono wa mama yake, akausogeza karibu na bomba, si kugusa, karibu tu.

"Sikia," akamwambia.

Kanana alisikia joto. Hapakuwa na moto wowote pale, wala stima, bomba lilikuwa limepoa tangu asubuhi. Joto lilikuwa linatoka kwa chuma chenyewe, kwa kunywa. Akauliza kama kina homa. Dokta Riungu akasema, "Hapana, Mama Wawira. Kina furaha." Halafu akaaibika kidogo kwa kusema hivyo mbele ya mwanafunzi wake, akaanza kuandika namba.

Kilikunywa mpaka saa nane. Mshale uliposimama tena ulikuwa chini sana, na Dokta akapiga hesabu akasema kimekunywa kadiri kinavyoweza kwa ukubwa wake. Kazi ni ndogo kuliko waliyopanga, akasema, lakini inaandikika, na kule kuchelewa kwake pia kutaandikwa, maana hata huko ni jibu. Wawira ataandika amalize. Akampa mkono kama anavyompa mtu mzima mwenzake. Halafu akasema yeye ni mzee na alikuwa hajalala vizuri tangu kopo la mgando liingie mlangoni mwake, anaenda nyumbani kulala, na mtu asimpigie simu hata kama maabara imeruka. Akaenda.

Wawira alifunga kila kitu, akakagua mara mbili. Walipotoka mvua ilikuwa inaanza. Wakakimbia mpaka kwa chumba chake, ambacho ni kidogo, kitanda kimoja na meza na jiko la gesi. Kanana akataka kupika. Wawira akasema atamenya viazi, akakaa kitandani kuvua viatu, akavua kimoja.

Kanana aligeuka na kisu mkononi akamkuta ameanguka upande, mguu mmoja na kiatu. Akamvua kile kingine. Akamfunika, akamtoa nywele usoni. Mtoto alikuwa anapumua kwa mdomo wazi kama alipokuwa mdogo, na vidole vyake vilikuwa vimekauka vikapasuka, sijui ni kwa zile glavu au ni zile dawa za kuoshea. Kanana akatafuta mafuta mezani, akampaka, kidole kimoja kimoja, na Wawira hakusikia.

Akazima jiko. Akampigia Mwaniki, akanong'ona kwamba imekunywa. Mwaniki akauliza nani amekunywa, akamwambia atamweleza kesho, ni hadithi ndefu ya maharagwe. Kisha akalala kwenye ukingo uliobaki, kitanda kikawa kidogo kwao wawili, akaweka mkono juu ya Wawira ili asianguke. Ilikuwa bado mchana. Mvua ilikuwa imeshika mabati sawasawa, na alikuwa anawaza viazi alivyoviacha kwa maji, kwamba aamke avipike kabla mtoto hajaamka na njaa. Alikuwa anawaza hivyo bado, na usingizi ukamchukua.